Lori la dizeli linazima likiwa sailensa: angalia linavyokufa kabla hujanunua kifaa chochote

Lori linatembea fresh, mzigo linavuta, kilima linapanda, alafu ukifika pa kusimama ukitoa tu mguu kwenye mafuta mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unashuka, injini inatikisika mara mbili tatu, kimya. Ukiwasha linawaka. Ukikanyaga kidogo linakaa, ukiachia linazima tena. Mimi naona huu ugonjwa wa kuzima sailensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta, ni mbaya kuliko lori lililogoma kabisa kuwaka, maana lililogoma limekaa sehemu moja na fundi analipima taratibu, ila hili linakuzimikia kwenye mteremko au kwenye kona, usukani unakuwa mzito hapohapo na kompresa haijazi upepo tena, breki unabaki na ule uliomo kwenye mitungi tu. Kwa hiyo sio kitu cha kusema ntakiangalia wiki ijayo.

Sasa kitu kimoja nataka ukishike kuliko vyote: namna linavyozima ndo inakwambia kosa liko upande gani. Watu wengi wanaanzia dukani, wanabadilisha filta, haijapona wanabadilisha pampu ndogo (inayonyonya mafuta tenkini), haijapona wanashusha nozeli zote sita (zinazopuliza dizeli kwenye silinda) zinapelekwa kupimwa, hela imeisha, na mwisho kosa linakuja kuonekana ni mpira wa kuvutia mafuta umepasuka kidogo pale juu ya tenki. Tazama kwanza, sikiliza, pima, alafu ndo ununue.

Kabla hujagusa kitu lori liwe sehemu tambarare, hendibreki imefungwa, gia nyutro, na vigingi kwenye matairi. Ukiinua kebini hakikisha chuma cha kuishikilia kimejifunga, usiiamini pampu ya kuinulia peke yake. Na hili la komoni reli (mfumo ambao nozeli zote zinapata dizeli ya presha kubwa kutoka paipu moja nene, ndo reli yenyewe) nalisema kwa herufi kubwa: USILEGEZE paipu ya nozeli injini ikiwa inawaka. Zile za pampu ya kimakenika za zamani unaweza kulegeza nati moja moja ili usikie silinda ipi imekufa, hiyo iko sawa mpaka leo ukiwa makini. Lakini komoni reli hata ikiwa sailensa ina presha ya kama bar 300 mpaka 500 kwenye injini nyingi, na ukikanyaga inapita bar 1,500. Dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi inaingia ndani ya nyama, kidonda unakiona kidogo tu na hata hakiumi sana mwanzoni, baada ya masaa mkono unavimba, na watu wamekatwa vidole kwa sababu walisubiri. Ikimtokea mtu apelekwe hospitali saa hiyohiyo na daktari aambiwe ni dizeli ya presha kubwa. Leki ya upande huo unaitafuta kwa kipande cha kadibodi, sio kwa kiganja.

Linakufaje?

Mpe mtu funguo akae ndani, wewe simama karibu na injini, aliwashe aliache mpaka lizime lenyewe. Rudia mara kadhaa. Mwenzako aangalie dashibodi na wewe uangalie moshi na usikilize.

Likikata ghafla bila kukohoa, yaani sawasawa na mtu aliyezungusha funguo, fikiria umeme: rilei, soketi, ethi mbovu, sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini), solenoidi ya kuzimia (kifaa cha umeme kinachokata mafuta). Dizeli yenyewe haina plagi za cheche wala koili, ila kompyuta yake na solenoidi zake zinakula umeme, ukikatika sekunde moja tu nozeli zinafunga.

Likianza kupanda na kushuka, RPM inacheza, linakohoa, linajikongoja alafu linafifia, hapo ni mafuta. Ama yanakuja kidogo, ama yamechanganyika na hewa au maji, ama presha ya reli haikai.

Likionekana kama linalemewa, linatetemeka mwili mzima na moshi mweusi au wa kijivu unatoka, basi mafuta yapo ila pumzi haitoshi, au kuna kitu kinaikaba injini isizunguke. Hapo utaenda kwenye EGR (valvu inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini), ekzosi breki, filta ya hewa, kompresa na klachi.

Na kuna aina ya nne ambayo watu wengi hawaijui, inawalaza macho bure. Kama lori linazima baada ya muda uleule kila siku, tuseme dakika tano kamili za kukaa sailensa, na kabla ya kuzima kuna taa inapepesa kwenye dashibodi, huo sio ugonjwa. Malori mengi ya kisasa kompyuta yake imepangwa kuzima injini ikikaa sailensa muda mrefu ili kuokoa mafuta. Gusa klachi au breki kabla muda haujaisha, kwenye mengi hesabu inaanza upya. Ukitaka kubadilisha muda huo inafanyika kwa mashine ya kupimia, hakuna spana ya kushika hapo.

Alafu jiulize linazima lini. La baridi asubuhi au likishapata moto? Tenki likiwa limejaa au likishuka chini ya nusu? Baada ya kulala usiku mzima? Unapotoa mguu kwenye mafuta kwa ghafla, au hata likiwa limetulia tu? Andika majibu kwenye karatasi, utayatumia yote.

Kwa nini kwenye sailensa na sio kwenye mzigo

Hapa tuelewane kidogo maana ndo ufunguo. Injini ya lori kubwa kwenye sailensa inazunguka kama 550 mpaka 700 kwa dakika. Pampu inaendeshwa na injini hiyohiyo, kwa hiyo nayo inazunguka polepole na inasukuma kidogo. Kama kuna mahali panavuja presha, iwe nozeli iliyochoka inarudisha mafuta mengi au valvu haifungi vizuri, kwenye RPM kubwa pampu inasukuma kuzidi kinachovuja na wewe huoni kitu. Ukiachia mafuta pampu inapunguza kusukuma ila kinachovuja hakipungui kwa kiasi hichohicho, presha inashuka chini ya ile kompyuta inayoitaka, nozeli hazifunguki vizuri, linazima.

Filta iliyoziba ni kinyume. Hiyo inaumiza zaidi ukihitaji mafuta mengi, yaani kwenye mzigo na kilima. Kwa hiyo lori linalozima sailensa NA halina nguvu kilimani anza na filta, tenki na mipira iliyobana. Lori linalovuta vizuri kabisa ila sailensa ndo shida, usikimbilie filta, tafuta hewa, tafuta presha inayovuja, tafuta valvu ya kupimia mafuta inayonasa. Sio sheria ya asilimia mia ila inakupunguzia kazi sana.

Tenki mpaka pampu ndogo

Nakaa hapa muda mrefu kwa sababu kesi nyingi zinaishia hapa, na ndo sehemu rahisi kupima bila mashine yoyote.

Anza na kifuniko cha tenki. Lori likiwa linawaka na linaelekea kuzima, fungua kifuniko. Ukisikia tenki linavuta hewa kwa nguvu na injini ikatulia, kitundu cha kupumulia kimeziba. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, tenki linabaki linavutana na pampu. Safisha kitundu au badilisha kifuniko, kazi imeisha.

Alafu maji. Asubuhi kabla hujawasha, weka chupa inayoonyesha ndani chini ya seprata (filta inayotenga maji na dizeli), fungua drein, chukua kama nusu lita, uiache itulie dakika kumi. Maji yanakaa chini, dizeli inabaki juu, mpaka kati yake unauona wazi. Ukikuta maji, toa mpaka ije dizeli tupu, na tenki lenyewe nalo lina drein chini, usilisahau. Ukikuta utelezi mweusi unaoteleza vidoleni, hao ni vijidudu wanaoishi pale maji na dizeli vinapokutana, na hapo kubadilisha filta peke yake ni kujidanganya, tenki lioshwe la sivyo filta mpya itaziba tena muda si mrefu. Kwenye baridi kali dizeli nayo inaganda nta, inakuwa na ukungu mweupe na filta inaziba, hiyo utaijua kwa sababu likipata joto linapona.

Ukibadilisha filta, tafadhali, ile ya pili iliyo karibu na pampu kubwa (ya presha) usiijaze dizeli ya kwenye dumu kwa kumimina kwenye tundu la katikati. Tundu la katikati ndo upande wa mafuta yaliyokwisha chujwa, uchafu wowote uliomimina unaenda moja kwa moja kwenye pampu na nozeli, na nozeli za komoni reli hazisamehe hata chembe ya vumbi. Ifunge tupu alafu piga hendi pampu (kipampu cha mkono cha kujaza mafuta) mpaka iwe ngumu. Na ile ya zamani usiitupe hivihivi, ikate uangalie ndani. Kutu inakwambia habari za tenki, utelezi unakwambia habari za maji, chembe za chuma zinazong'aa zinaweza kuwa pampu inajisaga na hizo ni habari mbaya.

Sasa hewa. Sikiliza hapa vizuri. Kutoka tenki mpaka pampu ndogo mafuta yananyonywa, hayasukumwi. Kwa hiyo penye tundu dizeli haidondoki nje, hewa ndo inaingia ndani. Ndo maana mtu analala chini ya lori anakuta pakavu kote anasema leki hakuna. Wewe tafuta alama nyingine: jointi ambayo vumbi limeshikana na kuwa tope jeusi, mpira uliochubuka pale unapopita kwenye chasisi, klipu iliyolegea, wosha ya shaba iliyotumika mara ya pili au ya tatu, o-ringi ya seprata iliyojikunja wakati wa kufunga filta, na hendi pampu yenyewe, sili zake zikichoka zinavuta hewa. Lori likilala usiku, hewa hiyo inaacha mafuta yarudi tenkini, na asubuhi linawaka sekunde chache linazima, ukipiga hendi pampu linakaa.

Kipimo chake ni hiki. Tafuta mpira unaoonyesha ndani unaostahimili dizeli, kama nusu mita, ufunge kati ya filta ya kwanza na pampu ndogo. Washa. Mwanzoni viputo vitapita kwa sababu umefungua mfumo, subiri viishe. Vikiendelea kuja, iwe vidogovidogo kama povu au kimoja kikubwa kila baada ya muda, hewa inaingia nyuma ya hapo. Hamisha mpira uweke kati ya tenki na filta. Hapo pakiwa safi kosa liko kwenye filta na vifaa vyake, hapo pakiwa na viputo pia kosa liko kwenye mipira ya tenki au ile paipu iliyosimama ndani ya tenki. Hiyo ya ndani ya tenki ndo inayochanganya watu. Ikipata ufa katikati, tenki likijaa ufa umezama kwenye dizeli na lori ni zima, likishuka chini ya ufa linaanza kunywa hewa na kuzima. Kumbuka lile swali la tenki nusu nililokwambia uandike.

Kama hutaki kuhangaika na mpira mmoja mmoja, tumia dumu. Dumu safi, dizeli safi, mpira mmoja unaingia kwenye pampu ndogo ukipitia filta na paipu ya ritani (inayorudisha mafuta yaliyobaki) nayo uilete kwenye dumu hilohilo, maana injini inarudisha mafuta mengi na usipoyarudisha kwenye dumu litaisha haraka ukadhani umepata kosa lingine. Lifunge dumu vizuri mbali na ekzosi na turbo, na zima moto iwe karibu. Lori likikaa sailensa vizuri kwa dumu, umeshajua, tatizo ni tenki au mipira yake na wala huna haja ya kugusa injini. Likizima vilevile, umelitoa hatiani tenki na mipira yake na unaendelea mbele ukiwa na amani.

Jambo moja zaidi la hewa: ukikuta upande wa kunyonya ni safi kabisa lakini kwenye ritani kuna viputo, hewa hiyo haitoki nje, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye mafuta. Hii inatokea sana kwenye injini ambazo nozeli zimekaa ndani ya silinda hedi na mafuta yanapita humohumo. Kikombe cha shaba au wosha chini ya nozeli imeshindwa kuziba. Hapo ni kazi ya kushusha nozeli kweli, hakuna njia ya mkato.

Umeme

Kwa lile linalokata ghafla. Anza na betri, sio na kompyuta. Terminali zilizolegea au zenye unga wa kijani na mweupe, safisha mpaka chuma king'ae. Kwenye mfumo wa volti 24 lori likiwaka multimita isome kama 27.5 mpaka 28.5 kwenye betri. Alafu pima ethi: washa taa zote na hita, waya mmoja wa multimita kwenye terminali hasi ya betri, mwingine kwenye injini bloku. Ikizidi nusu volti ethi ni mbovu, kafungue ule mkanda wa waya unaotoka injini kwenda chasisi, mara nyingi utakuta rangi na kutu chini ya bolti.

Baada ya hapo lori likiwa linawaka, tikisa waya. Anza na swichi ya funguo, tikisa funguo zenyewe, alafu boksi la fyuzi, alafu soketi kubwa ya kompyuta ya injini, alafu fuata bomba la waya lote pale linapopita karibu na mabano ya chuma. Taratibu, sehemu moja moja. Likizima ukiwa umeshika sehemu fulani, umepata. Angalia hasa waya unapopinda chini ya kebini, maana kila kebini ikiinuliwa waya zile zinavutwa. Rilei ya kuwasha injini ibadilishane na nyingine inayofanana nayo palepale kwenye boksi, hiyo ni kipimo cha bure.

Sensa ya krenki ina tabia yake: injini ikipata moto inakata, ikipoa inawaka tena kama hakijatokea kitu. Wakati injini inakufa mwenzako aangalie mshale wa RPM, ukidondoka sifuri huku injini bado inamalizia kuzunguka, au wakati wa kupiga stata mshale hausogei kabisa, ishuku hiyo sensa na waya wake. Ichomoe uione, ncha yake ni sumaku na inakusanya unga wa chuma, wakati mwingine kuifuta tu kunatosha.

Mashine ya kusoma kodi (namba za makosa ya kompyuta) ukiipata tumia, lakini kodi isikuendeshe. Ikisema presha ya reli iko chini haijakwambia pampu imekufa, imekwambia presha iko chini basi, na hewa kwenye mpira wa tenki inaleta kodi hiyohiyo. Cha maana zaidi kwenye mashine ni zile namba zinazocheza lori likiwa linawaka: presha inayotakiwa na presha iliyopo. Ziangalie sekunde zile za mwisho kabla ya kuzima. Presha ikianza kushuka kwanza alafu RPM ikafuata, ni mafuta. RPM ikipotea kwanza na presha iko vizuri, rudi kwenye umeme.

Komoni reli: valvu ya kupimia na nozeli zinazorudisha

Ukishajua mafuta ya presha ndogo ni safi, hayana hewa na yanatosha, ndo sasa unaruhusiwa kufikiria vifaa vya bei kubwa.

Kwenye pampu kubwa kuna valvu ya umeme inayopima mafuta yanayoingia. Ikiwa na uchafu inanasa, na dalili yake ni RPM kucheza juu chini kwenye sailensa na lori kuzima pale unapotoa mguu ghafla kutoka RPM kubwa, kwa sababu valvu inatakiwa ifunge kidogo kisha ifungue haraka na yenyewe inachelewa. Kwenye injini nyingi inabadilishwa bila kushusha pampu, ila baadhi zinataka kompyuta ifundishwe upya baada ya kuweka mpya, uliza kabla hujafunga usije ukalaumu kifaa kizima.

Nozeli zinapimwa kwa ritani. Kama ritani ya kila nozeli iko nje, weka vichupa vinavyolingana kila kimoja na mpira wake, injini iwake muda uleule kwa zote, alafu linganisha. Inayojaza kichupa mara mbili tatu kuliko wenzake ndo inayokula presha. Lori likizima kabla hujamaliza, lishikilie RPM 1,000. Injini ambazo ritani iko ndani ya silinda hedi huwezi kuweka vichupa, hapo unapima ritani yote kwa pamoja ukilinganisha na kipimo cha mtengenezaji, na fundi mwenye vifuniko maalum anaweza kuifunga nozeli moja moja aone presha inapanda kwa ipi. Na kama mashine yako inaweza kukata silinda moja moja, fanya hivyo, silinda ambayo ukiikata injini haibadiliki sauti ndo haifanyi kazi.

Kuna injini pia ambazo nozeli zake zinasukumwa na oili ya injini kwa presha kubwa, Caterpillar C7 ni mfano. Kwa hizo oili ikipungua au ikiwa na povu, lori linazima sailensa na wewe unahangaika na dizeli bure. Vuta dipstiki kwanza.

Pampu za kimakenika

Hizi ni rahisi na zinaeleweka. Cheki kamba au solenoidi ya kuzimia inarudi mpaka mwisho, maana ikibaki nusu inakata mafuta taratibu. Alafu fungua ile bolti ya ritani kwenye pampu ya mstari, nyingi ndani yake zina springi na kigololi kinachoshikilia presha ndani ya pampu. Springi ikichoka presha inakimbia, na lori linazima sailensa huku likivuta mzigo kwa kusuasua. Kibaya zaidi utakuta mtu aliipoteza akaweka bolti ya kawaida yenye tundu, inafunga vizuri kabisa, haivuji, na presha haipo. Ichungulie ndani kabla hujaamini.

Skrubu ya sailensa naomba usiiguse kama suluhisho. Kuipandisha mpaka 800 kunalifanya lori likae, ndio, ila umeficha kosa tu, hewa bado inaingia, nozeli bado inachoka, gia zinagonga ukiingiza. Skrubu inarekebishwa mwishoni, injini ikiwa ya moto na kila kitu kingine kimeshapona.

Pumzi, ekzosi na vinavyokaba

Filta ya hewa itoe uone, na mpira mkubwa wa kwenda turbo uukague kama hausinyai ukipiga resi. EGR ikinasa wazi inarudisha moshi mwingi ndani wakati injini inahitaji hewa safi, moshi mweusi na mtetemo, linakufa. Ichomoe uone kaboni. Ekzosi breki nayo, ile flepu yake ikinasa imefungwa kutokana na kutu au upepo unaovuja kwenye valvu yake, injini inabanwa pumzi ya kutokea na sailensa haiwezi. Shika mkono wa flepu, usogee wenyewe na urudi wenyewe.

Lori linalozima pale tu unaposimama likiwa kwenye gia, klachi umekanyaga, hilo ni klachi haiachii. Kabla ya kusimama toa gia uweke nyutro. Lisipozima, achana na mafuta kabisa, nenda kwenye klachi, oili yake na basta yake (kifaa cha upepo kinachosaidia kuikanyaga).

Kompresa ya upepo, alteneta na kompresa ya AC vikikaba vinaiua injini ndogo RPM. Zima injini, legeza mkanda, zungusha kila puli kwa mkono usikilize, ila kompresa ya upepo kwenye malori mengi inaendeshwa na gia, hiyo hutaipima hivi. Unaweza kuwasha bila mkanda kwa dakika moja hivi kujaribu, isizidi, maana mara nyingi pampu ya maji inaendeshwa na mkanda huohuo.

Presha ya oili usiipuuze. Kwenye injini yenye ulinzi, oili ikiwa moto na presha ikashuka sana kwenye sailensa, kompyuta inazima yenyewe kuokoa beringi. Taa nyekundu ya oili ikiwaka kabla ya kuzima usiwashe tena mpaka umepima kwa geji ya mkono. Na dipstiki ikionyesha oili imezidi na inanuka dizeli, mafuta yanaingia kwenye oili, lori lisimame hapohapo.

Kompresheni iwe ya mwisho kushukiwa. Injini iliyochoka kompresheni haizimi sailensa tu, inawaka kwa shida asubuhi, inatoa moshi mweupe, inapumua sana kwenye kifuniko cha oili. Tapeti (nafasi za valvu) rekebisha kwanza. Na usipulize dawa ya kuwashia kwenye injini yenye hita ya hewa au plagi za joto, inalipuka.

Ukishatengeneza usiliachie palepale. Lipeleke na mzigo mpaka lipate moto wa kweli, rudi, liache sailensa nusu saa, washa AC, taa zote, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, piga resi uachie ghafla mara nyingi. Alafu lilaze. Asubuhi liwashe bila kugusa hendi pampu. Likiwaka na kukaa, umemaliza. Likitaka hendi pampu kwanza, hewa bado inaingia mahali, chukua ule mpira unaoonyesha ndani uanze tena kutoka tenkini.